Harufu ya Mrehani

Bi Zaina alirudi kutoka dukani na unga wake, macho yakitafuta sufuria kuukuu aliyopandia mrehani. Ndiyo iliyomwonyesha mlango wa kwao katika safu ile ya nyumba zilizofanana kama matofali. Haikuwepo.

“Vya milangoni nimeviondoa vyote, bibi,” mlinzi alisema. “Wenye mradi wanataka nyumba zifanane.”

“Sasa kwetu ni wapi?”

“Hata mimi sijui.”

Na alikuwa ameuza shamba lote ili mwanawe aipate nyumba hiyo! Akapiga hodi huku na huku. Kimya, wenyewe wako kazini, wanazihangaikia pesa. Basi akainama, akanusa kizingiti kimoja, akahamia cha pili, akiitafuta harufu ya mrehani. Nyuma yake mlinzi alifungulia mpira wa maji, akaanza kuosha vizingiti.