Kyungu na Kabange

"Bon," pasta alisema, "ile mimba yenye docteur anatengeneza mu chupa, kisha anaiweka mu barafu, ni muntu ao hapana? Mwenye kusema ni muntu, asimame."

Hakuna aliyesimama. Lilikuwa somo la Jumamosi katika ukumbi wa kanisa huko Ganshoren, ughaibuni, juu ya Biblia na sayansi ya leo, na watu walipenda kucheka.

"Pasteur, muntu gani anaishi mu frigo kama samaki?" aliuliza maman mmoja wa mbele.

Sephora hakucheka. Mwanawe alikuwa amelala mapajani pake, vidole vimeshika kifungo cha blauzi yake. Kliniki ilitengeneza mimba mbili siku moja. Moja ndiyo huyu. Nyingine ilikuwa bado kwenye barafu, na mumewe, aliyeketi kando yake, alitaka Jumatatu wapige simu itupwe. Kanisani hakuna aliyejua.

Alivifungua vidole vya mtoto, kimoja baada ya kingine. Akasimama naye begani.

"Kaa," mumewe alinong'ona.

"Ee, Sephora!" maman aligeuka. "Unaamsha mutoto sababu ya barafu?"

"Anaitwa Kyungu," Sephora alisema.

Kwa Waluba wa Katanga, kama wengi wa ukumbini, jina hilo hupewa pacha anayetangulia kuzaliwa. Anayemfuata ni Kabange. Mpaka siku hiyo mtoto alikuwa na jina la Kifaransa tu.

Kicheko kilikatika. Maman alimtazama mtoto, kisha akamtazama baba yake.

"Kyungu?" aliuliza polepole. "Alors, Kabange iko wapi?"