Yaya wa Ukurasa wa Sita

Katika duka lile la kuazima vitabu, kila msomaji aliandika maoni yake ndani ya jalada la nyuma. Zamda, yaya wa nyumba ya jirani, alirudisha riwaya ya kutisha yenye kurasa mia tisa. Alikuwa ameisoma miezi mitatu jikoni kwa tajiri wake, kidole mstarini.

"Umeimaliza? Wewe uliyeishia darasa la nne?" Mzee Shekue, mwenye duka, alicheka. "Haya, ulitetemeka?"

"Nilikasirika," Zamda alisema, macho sakafuni.

"Mzuka unakukasirishaje, binti?"

"Yaya anauawa ukurasa wa sita, halafu mzuka wake unasumbua nyumba mpaka mwisho. Mbwa wa nyumba hiyo ana jina. Yeye hana! Hata akiwa maiti, wanamwita yaya tu."

"Si ni hadithi tu hiyo?"

"Naomba kalamu, mzee."

Lile jalada la nyuma lilijaa sifa. Zamda hakuligusa. Alifungua ukurasa wa sita, akakata neno "yaya", na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: MWANAIDI.

"We! Kitabu changu hicho!"

Zamda akalowesha kidole kwa ulimi, akafunua ukurasa wa saba.