Kobe Alalapo Chali

Alikuwako Kima, mganga wa kuunga mifupa. Moto ulipoteketeza msitu wake alikimbilia msitu wa jirani, na alichotamani ni kutibu tena. Kobe, mtoa vibali, alipanda jiwe ili aonekane mrefu.

"Mgeni, bila kibali hugusi mgonjwa. Na kibali hupewa aliyekwisha kutibu hapahapa."

"Sasa nitatibuje, mzee?"

Kobe akanyoosha shingo ajibu, akabiringika chini, akalala chali miguu juu.

"Niinue, mwanangu!"

"Nikuguse bila kibali?"

"Nimekupa! Nimekupa!"

Kima akamgeuza kwa mkono mmoja, wakacheka wote wawili hadi machozi.

Tangu hapo, kila mganga mkimbizi afikapo humkuta Kobe keshalala chali, anasubiri kumtahini.