Unyevu Chini ya Furushi

Haya nimeyapata kwa mjukuu wangu, nesi wa chumba cha upasuaji, Jumapili hii akinisuka nywele.

Kitandani alikuwepo dobi mmoja mzee. Alishapasuliwa tumbo mara moja, kidonda kikatunga usaha, nusura kimwondoe. Sasa anarudiwa, naye amekataa kupewa dawa ya usingizi kabla hajaviona vyombo vitakavyoingia tumboni mwake.

Mjukuu wangu akachukua furushi la vyombo. Utepe wake ulishageuka mweusi, ndiyo alama kwamba limepita kwenye mvuke. Akapitisha kiganja chini yake, akasita, akaliweka kando.

"Mbona umelikataa, binti?"

"Chini lina unyevu, babu."

"Si maji ya mvuke hayo? Yamechemka."

"Yamechemka. Ila kitambaa kikilowa, vijidudu vya nje vinapata njia ya kupenya ndani."

"Hebu nishike."

Kwa kuwa lilishakataliwa, akamsogezea. Dobi akasugua pindo kwa vidole viwili, taratibu.

"Mimi hii ningempa mteja, nimwambie imekauka."

"Ndiyo maana huku hatukuajiri."

Daktari akacheka ndani ya barakoa, mikono aliyokwisha kuiosha ameiinua juu, akingoja.

Likaletwa furushi lingine. Dobi akanyoosha mkono.

"Hili hushiki," nesi akamwambia, akalipapasa mwenyewe chini, pembeni, chini tena.

"Kavu?"

"Kavu, babu."

"Basi nilaze."

Dawa ikaingia. Vidole vyake viwili vikaendelea kusuguana juu ya shuka, kama vinapima nguo, mpaka vikaachana.