Lebo za Pamba

Sheria ilikuwa moja: nguo isiyo na lebo ya karatasi rafiki kwa mazingira inachukuliwa, inasagwa, inageuzwa lebo. Ndivyo wakaguzi walivyoianua kanga kuukuu ya marehemu mama yake fundi Mwanamvua, ile aliyobebewa mgongoni utotoni, ikiwa bado mbichi kambani.

Wiki chache baadaye alikwenda dukani kwa Shekue kuchagua lebo za magauni ya wateja. Shekue akamtandazia sampuli.

“Hii ya migomba, dada. Hii ya makapi ya miwa. Lakini hii ya pamba ndiyo kiboko! Wino wake wa maua ya rozela, na haijakata hata mti mmoja.”

Mwanamvua aliinua ile ya pamba kwenye mwanga. Ndani yake mlikuwa na nyuzi za zambarau. Zambarau ile aliifua miaka nenda miaka rudi.

“Mmemsaga mama yangu, halafu mnaniuzia!”

“Taratibu, dada. Mimi nauza tu.”

“Nipe zote!”

Magauni ya watu yakalala bila lebo. Yeye alishona lebo kwa lebo, ukingo kwa ukingo, akikanyaga cherehani kama anayeponda nge, mpaka kanga ikarudi. Ilikuwa ngumu, ikamkwaruza shavu alipojifunika, lakini alijifunika hivyo hivyo.

Asubuhi mkaguzi akaingia. Akaigeuza mbele na nyuma, akapapasa pindo zote nne, kisha akauliza kwa upole:

“Lebo yake iko wapi, mama?”