Uasi wa Bankstown

Kalume alifungua mlango, akavuta pumzi, akatoka nje bila kuomba ruhusa ya mtu.

Tangu Bankstown, kitongoji cha Sydney, Australia, ifungwe kwa sababu ya korona, hakuwa amevuka duka la pembeni. Alikuwa akifundisha fasihi ya Kirusi kwa kompyuta, jikoni, kati ya sufuria na birika. Jana jioni ndipo yalipomfika shingoni. Mada ilikuwa uhuru wa mtu binafsi.

"Katika riwaya hizi," aliwaambia wanafunzi, "karani humwogopa mkubwa wake hadi akasahau jina lake mwenyewe. Tunamcheka! Na sisi je? Tunangoja ruhusa ya kunyolewa nywele! Kesho mimi natoka. Aliye huru na atoke!"

Kwenye kioo wanafunzi walikodoa macho. Kisha mmoja akainua mikono, akaipunga. Mwingine naye, mwisho darasa zima. Machozi yakamlenga Kalume. Akaifunga kompyuta kabla hayajamwaibisha.

Zilpah, mkewe, alichungulia mlangoni. "Baba Neema, umesikia serikali ime—"

"Ya serikali sitaki kuyasikia."

"Haya." Asubuhi Zilpah akaenda zake kazini, kwenye nyumba ya wazee.

Sasa Kalume alielekea stesheni, akiwawaza polisi. Viza yake ilikuwa ya muda. Wakimkamata ni Malindi moja kwa moja, mke na mtoto nyuma yake. Hata hivyo hakugeuka.

Alipokata kona, alisimama kama aliyepigwa na radi. Barabara ilifurika watu! Maduka wazi, kina mama wanajaribu viatu, foleni ya kinyozi imezunguka jengo zima. Na katika foleni hiyo, polisi wawili wenye nywele za kufunika masikio.

"Hata polisi wameasi," Kalume alinong'ona.

Mwoga gani angenyamaza hapo? Alipanda juu ya benchi, akapaza sauti kwa Kiingereza chake chote.

"Ndugu zangu! Msirudi nyuma! Kuanzia leo hatuombi ruhusa!"

Watu wakashangilia. Mzee mmoja wa Kilebanoni akamletea kahawa. Polisi mmoja akamwinulia kidole gumba. Kalume akalia mbele za watu, na safari hii hakuyaficha machozi.

Mwanafunzi wake, Waceke, alichomoka kwenye foleni, akamshika mkono kumteremsha taratibu.

"Unaona, Waceke? Maneno machache tu ya jana!"

"Maneno gani, mwalimu?" Waceke alimtazama kwa huruma. "Marufuku imeisha usiku wa manane, serikali yenyewe imetangaza. Na jana tulikupungia mikono hadi tukachoka: sauti ulikuwa hujaiwasha."