Binti Kwenye Televisheni

Salha alilelewa kama mvulana, na siku aliyosema kwamba yeye ni mwanamke, baba yake alimfukuza nyumbani. Mwaka wa nne tangu afukuzwe ulipoingia, alipata nafasi yake ya kwanza katika tamthilia ya televisheni. Jioni tamthilia hiyo ilipoanza kuonyeshwa, mama yake alijifungia jikoni akampigia simu.

"Baba yako anakutazama," alinong'ona. "Anasema binti huyu anajua kulia."

"Amenitambua?"

"Hapana, mwanangu. Nimwambie?"

Salha aliibana simu sikioni. Mama akafungua mlango taratibu, akaielekeza simu sebuleni. Kutoka sebuleni kwao, Salha akasikia kilio chake mwenyewe, kisha sauti ya baba yake, laini kuliko alivyowahi kuisikia:

"Maskini, mtoto wa watu! Hebu ongezeni sauti."